Kidani cha Bi Mahfudha

Bi Mahfudha, kiongozi wa chama cha ngoma ya lelemama cha kina mama wa Mji wa Kale, alichoka kuona wenye dhahabu wakisimama mbele na wasio nayo wakifichwa nyuma. Kabla ya ngoma akaamuru, "Vueni mapambo yote tugawane! Leo hakuna bibi wala mjakazi."

Bangili zikagawanywa, kila mkono moja. Ndipo Mwanakuu, mchoma mihogo wa Majengo, akauliza, "Na hicho kidani chako, Bi Mahfudha?"

Bi Mahfudha akakivua shingo upande, akamvisha. Ngoma ikaanza. Kina mama wakacheza kwa madaha, macho mbele. Kiongozi wao peke yake alicheza kiupandeupande, jicho halibanduki kwenye kifua cha Mwanakuu.

Wiki iliyofuata akatangaza kwamba usawa wa kweli ni kila mtu kuacha dhahabu yake nyumbani.