Siku Niliyowaeleza Wakwe Maana ya Korongo

Hii nawaambia nyinyi kwa sababu mmeshakula chakula changu, lakini ikifika ofisi ya walimu nitakana, na nitakana kwa Kiswahili sanifu. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, mtu wa kuchora insha za watoto wa watu kwa kalamu nyekundu, niliingia boma la wakwe nimevaa leso ya mama mkwe. Chekeni kwanza, mkimaliza niendelee.

Tulikuwa tumekwenda kwa kina Akinyi, wakati huo mchumba wangu, kujitambulisha. Kwao ni mbele ya Ahero, pale mashamba ya mpunga yanapoishia na milima inapoanza. Mnajua mambo yetu: siku kama hiyo bwana harusi haongei, anayeongea ni jagam, yaani mshenga, na wangu alikuwa Mzee Ouma, jirani yangu hapa Migosi, fundi wa viti, mtu wa maneno machache na viatu vizito. Asubuhi aliniambia, "Omera, ndugu yangu, leo uko na kazi mbili tu, kukaa na kula. Ukiulizwa kitu, niangalie mimi." Nikakubali. Akinyi alikuwa ameniambia wazi kwamba baba yake akikataa, yeye hatamvuka, na kuna mposaji mwingine kabla yangu aliyerudishwa hata kabla ya soda kufunguliwa. Nilimpenda huyo msichana kiasi cha kuwa tayari kunyamaza wiki nzima, na mnajua domo langu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kuku akachelewa. Mzee Odero, baba yake Akinyi, akaanza hadithi za mafuriko, jinsi maji yanavyoshuka uwanda wa Kano kutoka kwenye makorongo ya huko juu, kisha akauliza bila kumtazama mtu yeyote, "Hii neno korongo, maana yake ni nini kabisa? Na ilitoka wapi?"

Mzee Ouma akatazama paa. Na mimi nipo hapo, shati jipya, mwalimu wa lugha, mamake Akinyi amesimama mlango wa jikoni anasikiliza. Ukweli ni kwamba maana nilikuwa nayo nusunusu (bonde, eeh, bonde la namna fulani), na asili yake sikuwahi hata kujiuliza. Ningesema sijui, ningekula kuku wangu, ningerudi nyumbani na suruali yangu. Badala yake nikakohoa. Mzee Ouma akanikanyaga. Nikadhani ni bahati mbaya.

"Zamani," nikaanza, "kulikuwa na mchungaji aliyeitwa Korongo." Jamani! Nikampa huyo mchungaji ng'ombe arobaini, nikampa mke mkali, nikamtumbukiza bondeni akimfuata ndama, watu wakamwita Korongo! Korongo! mpaka mlima ukaitikia, basi mahali pakabaki na jina lake. Nilipoona Mzee Odero anaitikia kwa kichwa, kwa makini, nikanogewa, nikaongeza kwamba makorongo nimeyatembea mwenyewe (nilikuwa nimeyaona kwenye kalenda). Nilikuwa nimeshakanyagwa mara tatu.

"Vizuri sana," mzee akasema, akachukua fimbo yake. "Basi twende utuonyeshe. Iko hapa nyuma tu."

Watu kumi na wawili, suti na vitenge, tukaanza kupanda. Njia ilipogawanyika mzee akasimama. "Mwalimu, tuongoze." Kulia kulikuwa na bonde zuri, pana, ng'ombe wanalisha. Kushoto, kichaka. Nikanyoosha mkono kulia kama mtu anayewaonyesha darasa ubao, nikasema, "Korongo lile pale."

Ikatoka sauti ya kike huko nyuma, polepole, "Yawa! Jamani!"

Hapo nikajua nimekosea, na badala ya kusimama nikatafuta kurekebisha. "Yaani, hilo ni tawi lake, lenyewe liko huku," nikasema, nikaingia kichakani kushoto kwa haraka ya mwenyeji, hatua ya kwanza ardhi, ya pili ardhi, ya tatu hakuna. Niliteleza kwa makalio mpaka chini. Suruali ilinasa kwenye kisiki katikati ya safari na ikaamua kubaki.

Sasa ndipo nikalijua korongo. Kuta mbili zimesimama wima, maji yanapiga kelele kati yake, na juu mbingu imebaki kipande chembamba. Mzee Odero akainama ukingoni. "Mwalimu, unaniona?"

"Nakuona, Baba."

"Unanisikia?"

"Nakusikia, Baba."

"Lakini kukufikia, lazima tuzunguke mpaka darajani, tufuate mto, karibu saa nzima. Hiyo ndiyo korongo."

Kisha ikateremka leso, ya njano, yenye picha za kuku. Niliitambua. Asubuhi ilikuwa kiunoni mwa mama Akinyi, mtu ambaye kwa adabu zetu hata kuketi karibu naye sikutakiwa. Niliivaa. Ningefanya nini? Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu kwamba Akinyi nimeshampoteza.

Bomani tukaketi tena. Mzee Odero hakunitazama. "Jagam, muulize kijana wako, hii neno korongo ilitoka wapi?"

Mzee Ouma akanigeukia. Safari hii miguu yake ilitulia.

"Mwambie sijui," nikasema.

"Anasema hajui."

Mzee akalaza fimbo yake chini. "Hata mimi sijui," akasema, "na nimezaliwa ukingoni mwake. Yule kijana wa kwanza alijua kila kitu mpaka akatoka kwa lango." Akageukia jikoni. "Leteni kuku."

Kamusi nimeifungua baadaye. Maana ipo: bonde jembamba, lenye kina, kingo zimesimama. Asili ya neno, sikuiona, na siku hizi mwanafunzi akiniuliza namwambia hivyo hivyo. Leso ilikataliwa kurudishwa (nani angeivaa tena baada ya mkwe?), kwa hiyo iko hapa nyumbani, na kila nikianza kuwaeleza wageni jambo nisilolijua, Akinyi huingia chumbani, akatoka ameifunga kiunoni, bila kusema neno.

Mlikuwa mmeniuliza magugu ya ziwani yalitoka wapi, nikaanza vizuri, nikakatiza ghafla. Mtazameni kiunoni huyo anayeleta chai.