Keki Iliyotoka Kitale

Siku ya mwisho ya mwaka nilikuwa kwenye kaunta ya vifurushi vya basi hapa Lodwar, nikisubiri changu, mama mmoja alipokabidhiwa boksi la keki. Akalifungua palepale. Safari ya kutoka Kitale na joto letu vilikuwa vimeyeyusha krimu yote.

"Ya bathdei?" karani akauliza.

"Hapana. Nimemaliza mwaka mzima Lodwar bila kuomba uhamisho."

Karani, ambaye ni Mturkana, akamtazama. "Mimi nimezaliwa hapa, na hakuna mtu ameniletea keki."

Tulicheka, hata mama mwenyewe. Kisha akatueleza kwamba wenzake wote wa ofisini wameenda kwao kwa sikukuu, na keki ameiagiza mwenyewe. Akaomba kisu, akakata kipande, akabaki amekishika tu hewani. Mnajua desturi yetu ya keki: mwenye sherehe hajilishi, hulishwa.

Karani akapangusa vidole kwenye shati, akakichukua kile kipande. "Fungua mdomo, mama. Hongera."

Mama akafumba macho, akatafuna polepole kama mtu asiyetaka kiishe. Halafu akanikatia na mimi, akauleta mkono karibu na uso wangu.

"Na wewe, mwaka huu umefanya nini?"

Nilikipokea haraka mdomoni, nisije nikajibu. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba nimesahau kifurushi changu, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza kiko wapi.