Mchawi Asiyehitaji Poda

Mchawi wa kwanza niliyemwona kwenye sinema alikuwa Mzungu. Nilimwona katika banda la video huku Kisauni: pua ndefu, kofia ya ncha, anaruka angani juu ya ufagio. Banda zima lilicheka. Ufagio wetu ni wa chelewa, hauna hata mpini. Huyo mchawi angekalia nini?

Halafu zikaja filamu za Afrika Magharibi, na kicheko kikapungua. Mchawi sasa alikuwa bibi kizee mweusi kama sisi, kajipaka chaki usoni, anacheka weee kabla ya kumroga mkaza mwana wake. Mwisho lazima aombewe mpaka atoe moshi. Wazungu nao wakabadilika. Siku hizi mchawi wao ni msichana mrembo, ana mikasa yake na machozi yake, na mtazamaji anatakiwa amhurumie. Wetu hajapata bahati hiyo. Amebaki palepale: mzee, maskini, mwanamke.

Kwa hiyo vijana wenye kamera walipofika mtaani kwetu Junda kutafuta mchawi wa filamu yao, walimchagua mama yangu, muuza mahamri.

"Shikamoo mama. Wewe hata poda huhitaji," mkubwa wao alimwambia, akidhani anamsifu.

Kweli, mvi zilikuwa zake, na macho mekundu alipewa na moshi wa kuni. Mama alifurahi kupita kiasi. Alishinda jikoni akifanya mazoezi ya kile kicheko, nami nikicheka naye.

Filamu ikasambaa kwenye simu. Mara mahamri yakaanza kulala kwenye beseni. Jirani ambaye watoto wake wote wamelelewa na mahamri hayo akawa anavuka barabara kwenda kununua mkate. Na jirani mwenyewe ni mwalimu, tafadhali.

Hayo tungeyameza. Lakini kaka yake mama akafariki kijijini kwao, na binamu yangu akanipigia simu: "Mwambie shangazi asije. Vijana huku wameiona ile video."

Sikuhitaji kuuliza zaidi. Kule wazee wamekatwa mapanga kwa ajili ya mvi tu, bila kuigiza popote, na shamba la marehemu likapata mwenyewe mpya kabla ya arobaini. Nilitamani nimtafute yule mwenye kamera nimtie vidole machoni.

Mama alisema atakwenda, kaka yake hazikwi bila yeye. Alinituma dukani nilete piko nyeusi ya kufunika mvi, akaketi kwenye kigoda, nikampaka kichwa chote huku akimlilia ndugu yake. Tulipomaliza aliomba kioo, akajitazama kwa muda.

"Mwanangu, sasa nafanana na mtu?"

Nilimwambia ndiyo. Tukaenda, tukamzika mjomba. Mama alisimama nyuma kabisa ya waombolezaji, kajitanda leso hadi machoni, na hakuthubutu hata kulia kwa sauti, watu wasije wakageuka kumtazama.