Kofia ya Kapteni

Kundi letu la maigizo lilicheza kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: wanajeshi, waliokuwa wakitawala nchi, walikielewa. Ukicheza kwa Luganda na ukumbi ukacheka, askari aliyekaa nyuma huenda akadhani anachekwa yeye. Maonyesho yalianza saa tisa alasiri, ili watu wafike makwao kungali mchana.

Mimi nilizaliwa Old Kampala, katika nyumba ya Waswahili wenye duka, basi nikapewa kazi mbili: kukaa nyuma ya pazia na kuwanong'oneza waigizaji maneno waliyosahau, na kuwanyoosha matamshi. Hii ya pili ndiyo iliyonizeesha. Kiongozi wetu alikuwa Muganda, mwalimu wa hesabu, na sote tulimwita Mwalimu. Alicheza baba wa bibi harusi, afisa mstaafu, mtu mwema kupita kiasi, maana afisa wa aina nyingine hatukuthubutu kumwandika. Kila alipodai mahari alidai "mahali", kama mtu anayetafuta kiwanja. Nilimkalia kooni: mahari, Mwalimu, si mahali. Mwishowe akaishika.

Kofia aliyoivaa ilikuwa ya kweli. Aliiazima kwa kapteni mmoja aliyekaa Mbuya, mzazi wa mwanafunzi wake, na kapteni aliahidi kuja na mkewe Jumamosi kuiona kofia yake jukwaani. Ijumaa mchana, tulipokusanyika kwa mazoezi ya mwisho, kofia haikuwepo.

Mwalimu aliketi juu ya sanduku la nguo. Raia aliyekutwa na mavazi ya jeshi alikuwa na kesi, na raia aliyeyapoteza alikuwa na kesi kubwa zaidi, na kesi za namna hiyo hazikufika mahakamani.

"Nnyabo, bibi yangu, mimi nimekufa," akaniambia. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Waigizaji wakaanza kutazamana. Bwana harusi alimshuku mshenga, kwa kuwa mshenga hakumpenda mtu. Mshenga alimshuku bwana harusi, kwa kuwa alivipenda mno vioo. Mimi ni mtu wa kupenda kujua mambo ya watu, sikatai, ila makelele yale yalinichosha. Nikauliza ni nani aliyeishika mara ya mwisho.

"Ni mimi," Mwalimu akasema. "Jana nilivua, nikapa Mama. Nikaambia yeye aweke mahari pake."

Nilimwomba arudie. Akarudia, kwa "r" safi kabisa, ambayo ningejivunia siku nyingine yoyote. Nilikuwa nimemfundisha hadi ikapitiliza. Sasa kwake kila mahali palikuwa mahari.

Mama alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mshonaji wetu na mtunzaji wa vifaa vya jukwaani. Nilimkuta chumba cha pili akipiga pasi, nikamuuliza aliambiwa nini kuhusu kofia.

"Aliniambia niweke ku mahari. Nikaweka ku mahari."

"Mahari gani, Mama?"

"Ile ya muchezo. Ndani ya kapu ya kuku. Nilizani mumeongeza, bwana harusi analeta na kofia. Siku hizi kila mutu si anapenda mukwe askari?"

Katika mchezo wetu mahari ililetwa ndani ya kapu kubwa lenye ndizi, kitambaa na kuku hai. Desturi ilitaka jogoo, lakini jogoo alikuwa akiwika juu ya maneno ya watu, tukambadilisha. Kuku na kapu vilikuwa mali ya mwanamke aliyecheza shangazi, na kila jioni vilirudi naye Makindye. Siku ile shangazi alikuwa amelala na malaria.

Nilikwenda mwenyewe, kwa kuwa Mwalimu alikuwa bado ameketi juu ya sanduku. Shangazi alinionyesha kapu jikoni bila kuinuka. "Kuku wako huyo," akasema, "tangu asubuhi amekataa kutoka." Kuku alikuwa amejikalia ndani ya kofia ya kapteni, na chini yake palikuwa na yai. Nilimwacha alivyo, nikamfunika kanga, nikalibeba kapu lote.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alinisimamisha. "Nini iko ndani?"

"Kuku wa mahari, afande. Anaatamia."

Akafunua kanga, akapitisha mkono chini ya kuku. Niliogopa mpaka masikio yakaziba. Sijui vidole vyake vilidhani vimegusa nini. Akatoa yai, akalitazama kwenye jua, akalitia mfukoni, akaniambia nipite.

Mama aliisugua kofia kwa brashi na sabuni, akaitia mvuke wa pasi. Ilirudi kung'aa. Harufu haikutoka yote, na Mwalimu usiku kucha alitunga maelezo ya harufu hiyo.

Jumamosi mchezo ulikwenda vizuri, na watu walicheka palipostahili. Mstari wa mbele kiti kimoja kilikaa mtu na cha pili kilibaki wazi. Baada ya pazia kufungwa, mke wa kapteni akaja nyuma peke yake.

"Afande amechelewa?" Mwalimu akamuuliza.

"Hayuko. Hatakuja."

Mwalimu akashusha pumzi tukaisikia sote. "Mungu asifiwe," akasema, na uso wake wote ukafunguka.

Mke wa kapteni aliinyooshea kidole kofia aliyovaa Mwalimu.

"Walichukua yeye juzi," akasema. "Wenzake. Wakabeba kila kitu ndani ya nyumba, hata viatu. Imebaki hii tu ya kwenu."

Nilimwonea aibu Mwalimu, kisha nikajionea aibu mwenyewe, maana nami nilikuwa nimeshusha pumzi. Mwalimu alipiga magoti kama wanavyofanya wanawake wa Kiganda, sijawahi kumwona mwanamume akifanya hivyo, akamkabidhi kofia kwa mikono miwili. Mke wa kapteni aliikandamiza usoni, akavuta pumzi.

"Hii si harufu yake," akasema, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia ni ya nini.