Nilimwahidi mama kwamba ngozi ya mdogo wangu itarudishwa

Admin, naomba ufiche jina langu na la shule yetu. Mama hana simu ya kuingia humu, lakini majirani wanazo.

Nina miaka kumi na minane, niko mwaka wa mwisho wa sekondari, sehemu ya bio-chimie, yaani biolojia na kemia, hapa Goma. Asili yetu ni upande wa Butembo, ila mimi nilikulia Kibati, ambako baba alikuwa akilima. Vita vilipofika tulikimbia na magodoro kichwani. Baba alirudi kuangalia shamba na hatukumwona tena, wala mwili wake. Tulikaa kambini miezi mingi, kisha mama mdogo akatupokea kwake Majengo: mama, mimi, na mdogo wangu wa miaka sita, ambaye hapa nitamwita Neema.

Neema alitoka kambini na vidonda miguuni. Vikipona huku vinafunguka kule. Kwenye kituo cha afya tulikutana na daktari mmoja wa kike, mtafiti, ambaye anatengeneza ngozi ya binadamu ndani ya kompyuta. Si picha tu. Kila nukta kwenye kioo ni chembe moja ya mwili, na kila chembe imepewa kanuni zake: adui akiingia, nani anamwona kwanza, anamwita nani, na walioitwa wanakaa muda gani kabla ya kuondoka. Kompyuta inaendesha siku kumi za ngozi kwa dakika chache, kisha anailinganisha na ngozi ya mgonjwa wa kweli. Alihisi kwamba kwa Neema walinzi wanakuja na hawaondoki, mpaka wanaharibu hata mahali pazima. Ili ahakikishe, aliomba kipande cha ngozi, kidogo kama punje ya mtama.

Mimi ndiye niliyemweleza mama.

"Ata mu ngozi kuko basoda?" aliuliza, yaani askari.

"Ndiyo, mama. Basoda ya mwili."

"Na bao banakatalaka kurudia kwabo?"

Neema alicheka sana, ingawa sidhani kama alielewa. Kisha mama akawa makini. "Hicho kipande, batakirudisha?"

Katika familia yetu, hata kidole kikikatika kinahifadhiwa na kuzikwa, ili mtu siku yake ikifika alale mzima. Karatasi ya kukubali ilikuwa kwa Kifaransa, nami nilikuwa namsomea mstari kwa mstari. Mstari mmoja ulisema wazi kwamba kipande kitatumika chote katika vipimo na hakitarudishwa. Macho yangu yaliusoma. Mdomo wangu ukasema, "Batakirudisha, mama." Akaweka kidole gumba.

Nilitaka Neema apone, na nilijua mama angekataa. Niseme na lililobaki: nilitamani pia kuwa karibu na kazi ile. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Wiki tatu baadaye malaria ilimchukua Neema. Madaktari walituambia kipande kile hakikuhusika, na mama hakumlaumu mtu. Alilia kidogo tu, kama mtu ambaye bado anasubiri. Matanga yalipokwisha, kila nikirudi shuleni ananipokea mlangoni.

"Bamekupa?"

"Bado, mama."

"Papa yako sikumuzika ata kidogo. Huyu nitamuzika yote."

Mwishowe nilikwenda kwa daktari nikamwambia kila kitu. Akasema kipande kile kilikatwa vipande vyembamba kuliko unywele, vikatiwa rangi, vikaisha. Kilichobaki ni hesabu zake ndani ya kompyuta. Alinionyesha. Nukta nyekundu, ambazo ndizo walinzi, zilikuwa zimejazana pembeni ya kidonda. Halafu akabadilisha kanuni moja, ile ya kuita walinzi wengine, akaiendesha tena. Nyekundu zikapungua, na kidonda kikafunga polepole mbele yangu. "Ni ndani ya mashine tu," alinionya. "Bado si dawa." Kati ya wagonjwa wake, Neema ndiye mtoto pekee mwenye vidonda vya namna ile.

Nilipotaka kuondoka aliniambia, "Mama yako ana haki ya kusema tuzifute hesabu hizi, na tutazifuta. Lakini kwanza ajue ni nini alichokiwekea kidole."

Mama mdogo nilipomweleza alishika kichwa. "We mutoto, masomo imekuharibu! Enda kwa benye kuuzisha nyama, kata kipande ya ngozi ya mbuzi, funga mu kitambaa, tuzike. Nani atafungua? Dada yangu apumue!" Si mtu mbaya. Yeye ndiye anayeona mama akisukuma sahani bila kula.

Jumamosi katekista atakuja kutuombea kaburini, kwa sababu jana nilishindwa na nikamjibu mama, "Wiki hii batanipa." Nikimpelekea ngozi ya mbuzi, atapiga magoti mbele ya mbuzi akimlilia mwanawe. Nikimwambia ukweli, huenda akasema zifutwe zile nukta, na sitakuwa na haki ya kumzuia. Na mimi ndiye ninayemsomea kila karatasi, za hospitali, za kanisa, za misaada. Ataamini tena mdomo gani?

Mimi ninaona ni lazima aujue ukweli, na aupate kwangu. Kinachonishinda ni kuanza. Ameshona mfuko mdogo kutoka kwenye sare ya shule ya Neema, uko mezani hapa ninapoandika, mtupu. Ninyi mliozika watoto, na ninyi ambao hamkupata hata mwili wa kuzika, nishikeni mkono kabla ya Jumamosi: nikikaa mbele ya mama yangu, nianze na neno gani?