Hukumu ya Tabitha Iko kwa Mama Mutua

Mama Mutua aliuvuta ule uzi kwa kucha, akaunusa, akasema mbele ya watu karibu arobaini, "Huu si uzi wa kitabu. Huu ni uzi wa viatu. Hapa ndani nani ni fundi wa viatu?" na watu wote, hata wale wa Kawangware waliokuwa wamenijua kwa saa moja tu, wakageuka wakaangalia vidole vyangu. Vidole vyangu ni vyeusi. Ni vyeusi kwa miaka ishirini na sita sasa, rangi ya viatu haitoki, na asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimevisugua kwa mafuta ya taa na sabuni ya kipande ili nifanane na msomaji.

Hiyo ndiyo aibu yangu na sina haja ya kuizungusha. Naitwa Wanjala, kibanda changu kiko Laini Saba, Kibera, kando ya reli, nimeunguliwa mara mbili na kubomolewa mara moja, na katika hayo yote sikuinamisha kichwa. Niliinamishwa na kitabu. Walioleta hiyo kazi wako hai, wanakula na kulala vizuri, na nitawataja.

Wa kwanza ni Kioko. Kioko anauza vitabu vya mitumba kule mtaa wa Kongo, Kawangware, anavitandaza chini kwenye karatasi ya nailoni, na vile vinavyokuja vimeachana (huko vilikotoka sijui watu walikuwa wanavifanyia nini) anavikusanya kwenye gunia na kuniletea nivishone, kwa sababu gundi haivumilii mvua ya huku kwetu lakini uzi wa viatu unavumilia. Vipande vinafika vikiwa vimeshafungwa viwili viwili kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Amevifunga yeye. Mimi natoboa, napitisha uzi, napiga fundo langu la mara mbili, naweka jalada la katoni, basi. Nikimaliza gunia ananiambia nichague kimoja kiwe changu, na hivyo ndivyo mtu aliyeachia shule darasa la tano alivyoanza kusoma vitabu akiwa na mvi.

Nasoma nikiwa kazini, kitabu kimelala mbele yangu kimekandamizwa na kiatu cha mtu, na nasoma kwa sauti kwa sababu nikinyamaza maneno hayaingii. Wateja wamezoea. Kuna mama alikuja na sandali ya mtoto wake, akaketi akasikiliza, kesho yake akarudi na ile sandali nyingine ambayo haikuwa na shida yoyote.

Kitabu alichokuwa anakisikiliza ndicho hicho kilichoniinamisha. Jina lake silijui kwa sababu kilikuja bila jalada. Kinaanza na mjane anaitwa Tabitha, mumewe amekufa, na shemeji yake Zakayo amehamisha mawe ya mpaka na kulima mpaka mlangoni pa jikoni. Tabitha anaenda kortini. Anaenda kwa miguu, mara saba, na kila mara kesi inaahirishwa, na kila mara anasuka nywele upya kana kwamba ni siku ya kwanza. Ukurasa wa tisini na sita hakimu anavaa miwani, anafungua faili, anakohoa, na ukurasa unaofuata ni wa mia na tatu. Hapo tuko kituo cha reli na kuna mwanamke anaitwa Rehema ana mkahawa wa chai, na siku moja mwanamume mwenye mvi anaitwa Daudi anashuka, anaketi, anamwambia, "Nisamehe, siku ile nilikukosea."

Kurasa sita zimepotea, nikajua hivyo. Kwa vitabu vya Kioko kurasa sita si kitu. Nikakaa na hilo jambo wiki nzima nikipiga visigino, na likafunguka kichwani: Tabitha alishindwa kesi, akatoroka kwa aibu, akabadilisha jina, akafungua mkahawa, na huyo Daudi ni yule hakimu amestaafu, dhamiri imemchoma, amekuja kuomba msamaha. Nililia kidogo. Mteja alidhani ni gundi.

Wa pili ni Madam Rael. Huyu alikuwa mwalimu wa nasari, sasa amestaafu, ndiye anayeongoza kikundi chetu cha wasomaji pale Laini Saba. Tuko kama kumi na watano. Kila mtu anasimama na kitabu chake mkononi, anasema kinahusu nini na yeye hukisoma vipi, kisha kitabu kinapita mkono kwa mkono. Yuko askari wa geti ambaye husoma amesimama kwa sababu akiketi analala. Madam mwenyewe huanza na ukurasa wa mwisho, ajue mapema kama kitabu kinafaa kusumbukiwa. Siku nilipowaeleza habari ya Tabitha kugeuka Rehema, Madam akavua miwani, akasema, "Mnaona? Mwandishi hakutuambia hukumu. Ametuachia tuitafute. Na Fundi ameitafuta akaipata. Hiyo ndiyo inaitwa kusoma."

Hakuna mtu alikuwa ameniambia neno kama hilo tangu nizaliwe. Angeniambia nikague kwanza namba za kurasa, leo nisingekuwa naandika haya.

Sasa ikaja habari ya sanduku. Mtu mwema alitoa sanduku la vitabu vipya, vyenye jalada, kwa vikundi viwili, chetu na cha wenzetu wa Kawangware, lakini sanduku ni moja na ufunguo ni mmoja. Ikakubaliwa tukutane huko kwao, kwenye kanisa la mabati karibu na Kongo, kila kikundi kitoe msomaji mmoja asimulie kitabu anachokipenda kuliko vyote, halafu wote tupige kura nani akae na sanduku nyumbani kwake. Madam Rael akanitaja mimi. Niseme ukweli, niliutaka ule ufunguo. Kibera yote ikitaka kitabu ije kwa Wanjala, watoto wabishe mlango wangu wakiwa na mikono safi. Fundi viatu akifa watu wanauliza viatu vyao viko wapi. Nilitaka siku moja waulize kitu kingine.

Kwa hiyo nilipoambiwa nijijulishe kwa wenyeji, nilijijulisha vizuri. Niliwaambia mimi si msomaji tu, mimi ndiye hushonea Kioko vitabu, na kama umenunua kitabu kwa Kioko na hakijaachana, ujue huo ni mkono wangu. Walipiga makofi. (Yakumbuke hayo makofi, kwa sababu mimi sitayasahau.)

Wenyeji wakaanza. Msomaji wao alikuwa Mama Mutua, anauza mboga, mwanamke mpana wa kuongea polepole, akasimama na kitabu chenye jalada la katoni. Akasema yeye husoma akichambua sukuma wiki, mkono mmoja kwa kazi na mmoja kwa kitabu, ndiyo maana kina madoa ya kijani. Akasimulia. Kuna msichana anaitwa Rehema amezaliwa karibu na kituo cha reli. Anapendana na kijana anaitwa Daudi, Daudi anapanda treni, anaapa atarudi, harudi.

Nikamwambia Madam Rael kwa sauti ya chini, "Ako na kitabu yangu."

"Nyamaza, Fundi, usikize."

"Basi katikati," akasema Mama Mutua, "mwandishi anaruka miaka. Rehema amekufa, hatuambiwi vile amekufa, na sasa tuko na mtoto wake anaitwa Tabitha, ako kortini, anasikiza hukumu ya shamba. Mimi hiyo hukumu imenifariji sana. Huwa naisoma nikiwa na shida."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Mtu akitaka kujua siku yangu iliharibika wapi, ni hapo, kwa sababu niliinua mkono, na kabla sijaruhusiwa nikasimama, nikasema, "Mama, samahani, lakini hiyo umesoma kinyume. Tabitha si mtoto wa Rehema. Tabitha ndiye Rehema."

Akaniangalia. "Ati nini?"

"Alibadilisha jina baada ya kushindwa kesi."

"Nani alishindwa kesi?"

"Tabitha."

"Wewe umesoma wapi hukumu?"

"Hukumu haiko. Mwandishi ametuachia tuitafute."

"Baba," akasema, na watu wa kwao wakaanza kuchekea mikononi, "kwangu iko. Ukurasa mzima na nusu."

Mtu mwenye akili angeomba msamaha akaketi. Mimi nikafikiria ufunguo, nikafikiria Madam Rael amevua miwani kwa ajili yangu, nikasema kwa sauti ya kanisani, "Basi tuviweke vitabu pamoja hapa mbele, watu waone nani anajua kusoma." Nililitaka mwenyewe. Sikusukumwa.

Vikawekwa kwenye benchi, Madam Rael akaitwa asome kwa kuwa ni mwalimu. Akasoma changu, ukurasa wa tisini na sita, mstari wa mwisho: hakimu akavaa miwani, akafungua faili, akakohoa. Akaangalia cha Mama Mutua pale katikati, pale Rehema anapoishia na Tabitha anapoanza, akasema, "Hapa kuna ukurasa wa mia na mbili, halafu unafuata wa tisini na saba." Akamgeukia mwenye kitabu. "Mama, hukuona?"

"Niliona. Nilijua ni makosa ya mashine."

Madam akasoma huo wa tisini na saba kutoka juu. "'Mahakama hii,' akasema hakimu, 'imeona kwamba...'"

Na Mama Mutua akaweka kiganja juu ya ukurasa, akafunga kitabu. "Ngoja kwanza," akasema. "Hiki ni kitabu cha huyu. Na hicho chake ni changu. Mtu amechukua vitabu viwili akavikata, akavishona kichwa cha huyu na miguu ya yule." Ndipo akavuta ule uzi kwa kucha, akaunusa, akauliza hapa ndani nani ni fundi wa viatu, na mimi nikasimama pale na vidole vyangu.

Labda ningekanusha. Mafundi ni wengi Nairobi. Lakini Madam Rael, akidhani ananisaidia, akasema polepole, "Fundi, si ulituambia hapa sasa hivi kwamba wewe ndiye hushonea Kioko?"

Kicheko kilitoka nyuma kwa mwanamume mmoja wa kwetu aliyekuwa ameleta mkewe tu, akauliza, "Mzee, na hizi viatu zangu umeshona, kwani zote ni za mguu wa kushoto?" Basi kanisa zima likaangua kicheko. Askari wetu wa geti alicheka mpaka akaketi, na kwa kuwa akiketi analala, alikosa mengine.

Nikajaribu kueleza. Nikasema vipande vilikuja vimefungwa tayari na Kioko. Mama Mutua akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ukiletewa kiatu cheusi na cha kahawia vimefungwa pamoja, unashona?" Nikasema siwezi. "Kwa nini?" Nikasema kiatu nakijua. Akasema, "Haya," akaenda kuketi, na hilo "haya" ndilo liliniuma kushinda kicheko.

Kura ikapigwa kwa kuinua mikono. Mama Mutua alipata yote. Hata mimi niliinua, kwa sababu watu waliokuwa karibu nami walikuwa wananiangalia niinue.

Tulipokuwa tunatoka nikamfuata, nikamwambia mama, nimekosa, nipe vitabu vyote viwili nitavifungua usiku mmoja nivishone sawa, kila mtu apate chake. Akavikumbatia kifuani, vyote viwili, pamoja na changu.

"Uguse hii kitabu na sindano tena? Wewe?"

"Basi niambie tu. Tabitha alishinda?"

"Siku huyo Kioko wako atasimama mbele ya kikundi aseme vile alinifanyia," akasema, "nitakusomea mwenyewe. Kabla ya hapo usiniulize."

Nikaenda kwa Kioko siku iyo hiyo, si mbali. Alikuwa anapanguza vitabu vumbi kwa kofia. Nikamweleza yote. Akasema yeye hupanga vipande kwa ukubwa, akipima kwa rula, na vile viwili vilikuwa sawa kabisa, na tena havikuwa na jalada, angejuaje.

"Lakini ulikisoma?" akaniuliza.

"Nilikisoma."

"Ukakipenda?"

"Nilikipenda."

"Sasa unalia nini, mzee wangu?"

Swali hilo ndilo linanikasirisha mpaka leo. Kwa sababu ni kweli, nilikipenda. Lakini nimekaa miezi minne na hakimu anakohoa kichwani mwangu. Nimeapa sishoni tena kipande ambacho sijasoma pande zote mbili, na gunia la Kioko nimelirudisha likiwa limefungwa. Wateja wananiuliza kama Tabitha alipata shamba, nawaambia bado kesi imeahirishwa. Madam Rael tumesameheana, ananiambia niazime vitabu vipya kwenye sanduku, lakini sanduku liko kwa Mama Mutua na siwezi kubisha pale nikiwa sijamleta Kioko.

Kushona nilishona mimi, sikatai, na adhabu yangu nimeipata mbele ya watu arobaini. Aliyefunga mipira ni Kioko, na yeye hajaulizwa hata na mtu mmoja. Vikundi vinakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kanisa analijua, anaweza kufika kwa miguu kabla chai yake haijapoa. Kioko, njoo usimame pale mbele useme ulivifunga wewe. Sitaki unilipe. Nataka useme, halafu uketi kando yangu unyamaze, huyo mama afungue ukurasa wa tisini na saba.