Buibui Niliyempa Jina la Mkwe

Nakiri mapema, kabla hamjasimuliwa na watu wa Ganako, huku Karatu, ambao hawakosi kuongeza chumvi: mimi, niliyesomea buibui hadi nikavishwa joho jekundu, niliaibika mbele ya ukumbi mzima wa parokia kwa kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefelishwa kwalo, na wa kumfelisha ningekuwa mimi.

Wakati huo nilikuwa nimeposa kwa Mzee Tluway, mkulima wa kahawa, nikimtaka binti yake Paskalina, na Mzee alikuwa hajanijibu. Aliniuliza kazi yangu, nikamweleza, akataka kujua kama hao buibui ndio wanaonilipa mshahara. Basi nilipomwona katika mibuni yake, upande unaopakana na msitu wa Ngorongoro, buibui mrukaji (wale wadogo wasiotega kwa utando, bali huvizia na kuruka kama chui) mwenye uso wa buluu ambao hakuna maandishi yaliyowahi kuutaja, niliona posa yangu imejibiwa. Ningempa jina la Mzee. Nani amnyime binti mtu aliyeliingiza jina lake katika sayansi?

Utaratibu wa kazi yetu ni mkavu: dume aliyekomaa, hasa akiwa mmoja tu kama huyu wangu, hutiwa katika spiriti bila kuchelewa, kwa kuwa spishi mpya huelezwa kwa kumchunguza yeye (umbo la vipapasio vyake ndilo linalomtofautisha na jamaa zake). Mimi nikaamua kumwacha hai hadi Jumapili, baada ya misa, ili Mzee amwone akicheza ngoma yake ya kuposa. Uamuzi mdogo tu. Lakini ngoma inahitaji jike, nikamtafuta jike. Wachezaji ni wadogo kama punje ya mchele, nikaazima projekta ya parokia niiunganishe na kamera yangu ya hadubini. Na habari ya projekta ilipoenea, ukumbi ukajaa kwaya, wazee wa jumuiya, na shangazi zake Paskalina kutoka Mbulu.

Nilihutubu. Nikasema dume huyu ndiye Mzee Tluway, jina lake halitafutika. Na kwa kuwa ulimi ulikwisha kushika kasi, nikaongeza kwamba jike ndiye Mama. Makofi. Kwenye kitambaa cheupe dume akanyanyua miguu ya mbele, akayumba kulia, akayumba kushoto, shangazi wakapiga vigelegele, Mzee akaweka koti lake sawa, na mimi (Mungu anisamehe) nikamtazama Paskalina kama mtu aliyekwisha kuoa. Ndipo nilipokumbuka kwamba jike hakulishwa. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi kwamba jike hushibishwa kwanza, ndipo aletewe mchumba. Mimi siku zote hizo nilikuwa nakariri hotuba.

Alimrukia. Akiwa mkubwa kama ng'ombe kwenye kile kitambaa, Mama akamkamata Mzee shingoni akaanza kumla, bila haraka, mbele ya katekista.

Mke wa Mzee akamgeukia mumewe.

"Huyo alichelewa kurudi nyumbani."

Kwaya ikaangua kicheko, shangazi mmoja akatolewa nje kupepewa, na mimi, nikitafuta kitufe cha kuzima, nikabonyeza cha kukuza picha.

Mzee alinifuata nje nikikunja nyaya. Nikaanza kumweleza kwamba vipapasio vimesalia, kwa hiyo spishi bado inaweza kuelezwa, akainua mkono ninyamaze.

"Kijana, mtu anayeaibika hivi mbele za watu hana siri. Binti nimekupa. Ila jina langu litoe kwa huyo mdudu. Weka lako, maana anayekwenda kuoa ni wewe."

Sikuweka langu, katika taaluma yetu kujipa heshima hiyo mwenyewe ni utovu wa haya, na aibu ya Jumapili ile ilinitosha. Buibui anaitwa kwa jina la Ganako, na maelezo yake yanasema dume "aliharibika kidogo kabla ya kuhifadhiwa", sentensi ambayo Paskalina huwasomea wageni kwa sauti. Nimeapa kutomwonyesha tena mkwe yeyote kiumbe aliye hai. Na nikichelewa kutoka porini, siendi nyumbani moja kwa moja; napitia kwanza kwa muuza nyama choma pale sokoni Karatu. Paskalina hucheka, lakini huipokea.